Kiitikio Kisichojibiwa: Lugha ya Bei katika Matangazo ya Wachuuzi Mitandaoni

Methali isemayo "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" hufundishwa shuleni kama onyo kwa watu wenye kujisifu. Aghalabu tunaisahau maana yake ya kwanza, ambayo ni ya sokoni. Ndani yake mna dharau ya mwenye duka aliyeketi kibarazani, akingoja wateja wanaomjua, kwa mchuuzi apitaye na bidhaa zake kichwani akizinadi mlango kwa mlango. Siku hizi dharau hiyo haina pa kusimama, kwa kuwa mwenye duka naye amekuwa mchuuzi: bidhaa yake, iwe nzuri au mbaya, haina budi kujitembeza katika simu za watu. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza lugha ya matangazo ambayo wafanyabiashara wadogo huyaandika wenyewe katika mitandao ya kijamii, hasa Facebook na WhatsApp, tukiwa tumesimama Kithyoko na kuyatazama masoko mengine kutoka huko. Kama mitandao huongeza mauzo au la, hilo tunawaachia wanauchumi. Swali letu ni la mhakiki. Je, tangazo hili ni utanzu wa namna gani, na kwa nini neno lililo moyo wa biashara yoyote, yaani bei, limeondolewa ndani yake?

Kithyoko ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, katika eneo la Masinga, kaunti ya Machakos. Ni nchi kavu. Wakulima wake hutegemea ndengu (ambazo wengine huziita pojo), mbaazi, mtama, maembe na mbuzi. Tumelichagua si kwa kuwa ni la ajabu, bali kwa kuwa si la ajabu hata kidogo. Wahakiki wetu wanapotaka kuzungumzia lugha ya biashara hukimbilia Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ambako kampuni kubwa huajiri watu wa kutunga maneno. Katika soko la kiasi hiki hakuna aliyeajiriwa kutunga. Yule yule anayejaza gorogoro kwa mkono wa kulia ndiye anayeandika tangazo kwa dole gumba la kushoto.

Jambo hili lina uzito wake kinadharia. Tulipokuwa masomoni ng'ambo tulifundishwa kulichambua tangazo kwa kumfuata Roland Barthes, ambaye katika 1964 alilichambua tangazo moja la vyakula vya Panzani kwa makini ambayo wengine huwawekea washairi. Mbinu zake ni nzuri, na tumezipenda. Lakini tangazo la Barthes ni kazi ya kampuni inayosema na umma usioijua kwa sura, nao umma hauna njia ya kujibu papo hapo. Tangazo la mchuuzi wa Kithyoko halimo katika ukoo huo. Mababu zake ni mbiu ya mgambo, wito wa mnadi, na maneno ya mwuza kahawa agonganishaye vikombe. Hata kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zenye chapa ya "Mali ya Abdulla", zilimtaja mwenye mali kwa jina lake, na mtu aliweza kwenda dukani kumwona. Kwa ufupi, tunachokitazama ni fasihi simulizi iliyopata maandishi, wala si maandishi ya magazetini yaliyoshuka hadhi.

Ingedhaniwa kwamba idara zetu zingekuwa za kwanza kuling'amua jambo hili. Ni zaidi ya nusu karne tangu 1968, wakati Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai pale Nairobi kwamba fasihi simulizi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Dai lilikubaliwa, nasi tukaenda vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Wito wa mchuuzi tuliupita njiani tukienda kumtafuta bibi wa kusimulia hadithi. Na sasa unapotujia katika simu zetu wenyewe, tunachofanya ni kuusahihisha. Tumesikia katika semina zaidi ya moja wenzetu wakilalamika kwamba wafanyabiashara wa Kenya huandika "tuko na" badala ya "tuna", na kwamba ngeli zao zimevurugika. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini hayatufikishi popote. Mtu akisema "tuko na ndengu safi" ameeleweka toka Kithyoko mpaka Kilindini. Kasoro ya tangazo lake, kama tutakavyoonyesha, haimo katika kile alichokisema vibaya. Imo katika kile ambacho hakukisema.

Ili tusimtaje mtu yeyote, na tulitunge tangazo moja sisi wenyewe kwa kufuata kanuni za utanzu. Msomaji mwenye simu atakubali kwamba amekwisha kuliona mara nyingi:

"Jamani mzigo umetua! Tuko na nguo za watoto, kamera tupu, hakuna fagia. Tunatuma kote nchini. Bei njoo inboksi."

Tangazo hili lina sehemu nne, na mpangilio wake ni thabiti kama wa utenzi: mwito, sifa, ahadi, na ukimya. Mwito "jamani" unawakusanya watu wasioonana na kuwafanya hadhira moja. Ndiyo kazi iliyofanywa na "hadithi, hadithi" katika ngano. Baada yake huja "mzigo umetua". Maneno haya yana historia ndefu kuliko wayatumiavyo wanavyodhani. Kutua mzigo ni neno la mpagazi. Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara ya biashara baina ya bara na Mombasa katika karne ya 19; Kivoi wa Mwendwa, ambaye Krapf alifuatana naye katika safari iliyoishia kwa Kivoi kuuawa karibu na mto Tana katika 1851, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa jina katika vitabu vya historia. Leo mzigo hutuliwa na basi au pikipiki, na asiyeuona huuona katika picha, lakini kitenzi ni kile kile. Tena mzigo wenyewe ndio mtenda. Mchuuzi hasemi "nimeleta". Anasema umetua, kana kwamba umejileta. Hapa ndipo methali yetu ya mwanzo inapojibiwa kwa ujanja: bidhaa inayojitembeza imevishwa vazi la bidhaa inayojiuza.

Sifa zafuata, nazo zimejengwa kwa istilahi za biashara ya mitumba. "Kamera" ni nguo bora zinazochaguliwa kwanza mtumba unapofunguliwa. "Fagia" ni masalio yauzwayo kwa bei ya kutupa. Istilahi hizi hazikutungwa na kamati yoyote. Zilizuka sokoni, zikakubaliwa na wauzaji na wanunuzi, na zinafanya kazi ambayo istilahi inatakiwa kuifanya, yaani kutenganisha daraja za kitu bila ya maelezo marefu. Wenzetu wanaoshughulika na ukuzaji wa istilahi wangefaidika kama wangekaa siku moja pale nguo zinapofunguliwa. "Tunatuma kote nchini" ni ahadi, nayo yaweza kuaminika kwa kuwa M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikwisha kuwazoeza watu kupeana fedha bila ya kuonana.

Kisha twafika mwisho, na mwisho ni mlango uliofungwa. "Bei njoo inboksi." Yaani: hapa mbele ya watu hatutaisema, njoo faraghani nikunong'oneze.

Tuliweke tangazo hilo mbele ya hadhira yake. Mara tu linapowekwa katika Facebook, chini yake hujipanga majibu, na mengi yake ni neno moja: "Bei?" Mtu wa kwanza huuliza "Bei?", wa pili "Bei?", wa tatu "Bei ya hiyo nyekundu?", wa nne "Bei?". Mwenye tangazo hujibu kila mmoja kwa maneno yale yale: "Njoo inboksi", "Angalia inboksi", "Inboksi mpenzi". Msomaji aliyelelewa katika uchambuzi wa nyimbo atautambua muundo huu bila ya shida. Ni muundo wa mghani na waitikiaji. Lakini umepinduliwa. Katika wimbo wa kazi mghani hutoa na umma huitikia, na kiitikio huwaunganisha. Hapa umma ndio unaotoa, kwa sauti moja, bila ya kupangiwa na mtu. Na mghani, mbele ya watu wote, anakataa kuitikia. Kila ajibiwaye huondolewa katika umma na kupelekwa peke yake chumbani. Mkutano uliokusanywa kwa "jamani" umevunjwa na mkusanyaji wake, mtu mmoja mmoja.

Tunasema kwamba hili ndilo tukio kubwa la kifasihi katika utanzu huu, na ni tukio la kijamii pia, kwa sababu fani na maudhui hapa haviwezi kutenganishwa. Katika soko la wazi bei husikika. Mama mmoja anapopatana bei ya ndengu, jirani yake aliyesimama nyuma na kapu lake anasikiliza kana kwamba hasikilizi. Akifika zamu yake, hataanzia alikoanzia mwenzake, ataanzia alikoishia. Kupatana ni jambo la watu wawili, lakini matokeo yake ni mali ya wote waliosikia. Kwa hiyo mnunuzi asiye na elimu wala fedha nyingi hulindwa na masikio ya soko. Ondoa masikio hayo, na kila mnunuzi ataanza upya, peke yake, mbele ya mtu ambaye amekwisha kupatana na mia moja kabla yake. Kwa mkulima anayeuza maembe hali ni hiyo hiyo kwa upande mwingine: dalali anayenunua kwa wakulima hamsini anazijua bei hamsini, na mkulima anaijua moja tu.

Wauzaji wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Wanasema kwamba bei ikiandikwa wazi, mshindani wa duka la pili ataiona na kuipunguza kidogo usiku huo huo. Wanasema pia kwamba mnunuzi anayeona tarakimu kabla ya kusikia neno lolote hukimbia, ilhali anayekuja kuuliza ameanza mazungumzo, na mazungumzo ndiyo biashara. Wengine hueleza kwamba mtandao hulisukuma mbele tangazo lenye majibu mengi, hivyo kila "Bei?" isiyojibiwa huleta watazamaji wengine. Hoja hii ya mwisho ni ya kuzingatiwa sana na mhakiki. Maana yake ni kwamba mtambo wa kampuni ya ng'ambo umekuwa mshiriki katika utungaji wa utanzu wetu, na hutuza ukimya kuliko usemi. Mchuuzi hakuubuni ukimya huo kwa ukorofi. Amejifunza kwamba unalipa.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka mwisho wa barabara ile ile ipitayo Kithyoko. Miongoni mwa Wasomali wauzao mifugo, bei ya ngamia au ng'ombe hupatanwa kwa mikono iliyofichwa chini ya nguo. Vidole hubanwa na kuguswa, kila mguso una thamani yake, na waliosimama pembeni hawasikii hata tarakimu moja. Basi, atauliza mtu, bei ya siri ina jipya gani? Si desturi ya kale kuliko simu?

Ni ya kale, na kwa sababu hiyo inatufaa kama kipimo. Chini ya nguo ile bei imefichwa, lakini kupatana hakukufichwa. Soko zima linaona ni nani ameshikana mkono na nani, juu ya mnyama gani, kwa muda gani, na kama waliachana kwa hasira au kwa salamu. Baina ya pande mbili yumo dalali anayejulikana na ukoo wake unajulikana. Akidanganya leo atakutwa pale pale sokoni siku nyingine. Siri hiyo imezungukwa na mashahidi. Katika inboksi mnunuzi haoni ni nani mwingine aliyeulizia nguo ile nyekundu faraghani, wala aliambiwa nini. Muuzaji, kinyume chake, anaweza kuitazama picha ya mnunuzi, nyumba iliyo nyuma yake na gari lililoegeshwa, kisha akaamua tarakimu. Hatusemi kwamba kila muuzaji hufanya hivyo. Tunasema kwamba utanzu umempa nafasi ya kufanya hivyo bila ya kuonekana, na kwamba nguo ya Garissa haikumpa nafasi hiyo kwa ukamilifu.

Haikuwa lazima teknolojia ielekee huku. Shirika la KACE, soko la bidhaa za kilimo lililoanzishwa nchini Kenya katika 1997, lilikusanya bei kutoka masoko mbalimbali na kuzitoa kwa ujumbe mfupi wa simu, na kwa kipindi cha redio kilichoitwa Soko Hewani, kilichosikika kupitia West FM ya Bungoma. Jina hilo lilichaguliwa vizuri: soko lilipandishwa hewani pamoja na masikio yake. Tena, chifu wa Lanet Umoja huko Nakuru, Francis Kariuki, aliyefariki katika 2015, alijulikana hata nje ya nchi kwa kuwaandikia raia wake katika Twitter habari fupi fupi za Kiswahili, juu ya mwizi aliyeingia au kondoo aliyepotea, nazo zikawafikia hata wenye simu za kawaida. Hakumwambia mtu aje inboksi kuulizia kondoo. Hapo utaona kwamba ufupi wa ujumbe haukuwa kizuizi cha uwazi, na kwamba Kiswahili cha mtandaoni kilianza na mifano mizuri.

Sheria nayo haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na kinataka pawe na sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sisi si wanasheria. Lakini ni kazi yetu, watu wa lugha, kuuliza kama tangazo lisilotaja bei limekamilika kama sentensi inavyopaswa kukamilika. Katika biashara ya viazi, wakulima walipodhulumiwa kwa magunia yaliyoongezwa vilemba, lugha ilizaa neno "lumbesa", na neno hilo likawa silaha. Dhuluma iliyokuwa haina jina ikapata jina, ikajadiliwa bungeni na kupigwa marufuku. Bei ya inboksi bado haijapata jina lake. Watu huicheka tu. Hutunga mizaha juu yake, na mzaha ni hatua ya kwanza ya istilahi, lakini haujawa istilahi bado.

Limebaki jambo moja ambalo wahakiki walioko mijini hawataliona. Katika sehemu kama Kithyoko, tangazo la hadharani huandikwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo cha kupambia. Lakini mteja akiingia inboksi na kujulikana kuwa ni mwenyeji, mazungumzo hugeuka Kikamba, na mara nyingi si maandishi tena bali sauti iliyorekodiwa. Kwa hiyo mpaka baina ya umma na faragha ni mpaka baina ya lugha mbili pia. Kiswahili kimepewa kazi ya kuita na kusifu. Kikamba kimepewa kazi ya kukata bei. Mwenye kutaka kusema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya biashara Kenya inambidi aeleze ni sehemu gani ya biashara anayoikusudia. Mgeni asiyejua Kikamba, tuseme mwalimu aliyehamishiwa Masinga kutoka Busia, atasomewa bei kwa Kiswahili, na hana njia ya kujua kama ni ile ile. Katika soko la wazi angeisikia hata kama haelewi maneno yote, kwa kuwa tarakimu za fedha husikika katika lugha yoyote, na vidole huonekana.

Si wote walioukubali ukimya. Tangu 2019 WhatsApp imewawezesha wenye biashara kupanga bidhaa zao katika orodha yenye picha na bei, na wako wachuuzi wanaoijaza, hasa wauzao vitu vya kipimo kinachojulikana, kama vile unga, vifaranga, mbegu na mafuta. Matangazo yao hayachangamshi. "Ndengu, gorogoro" na tarakimu, basi. Hayana "jamani", hayana mzigo uliotua, na majibu yaliyo chini yake ni machache, kwa kuwa hakuna la kuuliza. Mhakiki mwenye kupenda uchangamfu wa lugha atayapita, na sisi wenyewe tunakiri kwamba tangazo la nguo lina utamu ambao tangazo la ndengu halina. Hata hivyo, utamu ule umenunuliwa kwa kuificha bei, na ni vizuri mwenye kuusifu ajue amelipiwa na nani.

Matini zenyewe hupotea upesi. Tangazo linalowekwa katika hali ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na kwa jinsi hiyo limeurudia umbo la wito wa mchuuzi, ambao haukudumu kuliko pumzi yake. Idara zetu zina wanafunzi kutoka Masinga, Yatta na Mwingi ambao hupokea matangazo haya kila siku katika simu zao. Wangeweza kuyakusanya kwa idhini ya wenyewe, majina na namba zikiondolewa, pamoja na majibu yaliyo chini yake, maana tangazo bila ya safu ile ya "Bei?" ni wimbo ulionakiliwa nusu. Rekodi za sauti za Kikamba zitahitaji kunakiliwa na mtu anayezitenganisha irabu saba za lugha hiyo, na pale inapotajwa bei ingefaa aandike pia ni muda gani msemaji alinyamaza kabla ya kuitaja.